Jogoo wa Kalenda ya Zamani

Kama ungefika Dobra Voda miaka ile na kuuliza mwanamke mbishi kuliko wote ni nani, wangekuelekeza kwa Tekla Dovhan kabla hujamaliza swali, na wengine wangekusindikiza ili wasikose kusikia utakavyojibiwa. Hakuwa na umbo kubwa. Alikuwa mwembamba, kitambaa cha maua kichwani, na mikono iliyokamua ng'ombe tangu ana miaka saba; akikusalimu kwa mkono, vidole vyako vilikumbuka salamu hiyo mpaka jioni. Alisoma madarasa manne katika shule ya chumba kimoja, akaolewa na Stefan Dovhan, akamzalia watoto watatu wakabaki wawili, nao walipokua wakahamia mjini. Stefan mwenyewe alimzika mwaka wa sitini na tatu. Tangu hapo alibaki na ng'ombe kumi na wanane, kuku, mbwa mmoja kiziwi, na shemeji.

Shemeji huyo aliitwa Metro, mdogo wake marehemu, mtu mrefu wa maneno mengi, anayecheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya kijito. Baba yao alipofariki aliwaachia ndugu hao wawili bonde la nyasi bila kuligawa, kwa hiyo kila Julai walikata pamoja, wakakausha pamoja, wakafunga marobota pamoja, na yote yakapangwa kwenye banda kubwa lililokuwa uani kwa Tekla. Hata Stefan alipofariki utaratibu haukubadilika. Nyasi zilikuwa za wote wawili, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa.

Katika nguzo ya katikati ya banda hilo kulikuwa na msumari wa inchi sita, umepigiliwa usawa wa kifua. Wageni walitundika makoti hapo. Tekla ndiye aliyeupigilia, Mei ya mwaka wa arobaini na saba, na sheria yake ilikuwa fupi: ikifika siku ya Makutano, ile sikukuu ya Februari ambayo watu wa huko huiita Stritennia, marobota yasiwe yameshuka chini ya msumari. Msumari ulikuwa nusu. Siku hiyo nusu ya majira ya baridi imekwisha na nusu bado iko njiani, na ng'ombe hajui kufunga kama Mkristo wa Kwaresima. Akiba haiozi, hasa nyasi zilizokauka vizuri.

Lakini watu wa Dobra Voda hawakutazama misumari. Wao walitazama jogoo. Bibi zao walitoka Ukraina na mbegu za ngano, sanamu za watakatifu, na hadithi kwamba siku ya Makutano kizee Baridi na binti Kiangazi hukutana njiani na kugombania nani ampishe mwenzake. Jogoo ndiye shahidi. Akipata dimbwi la theluji iliyoyeyuka akanywa, basi joto la siku hiyo ni la uongo na baridi itarudi kwa hasira, wiki moja kwa kila funda. Asipopata hata tone, kizee amekubali kuondoka mapema. Wazee wenye akili zao timamu, waliojua kutengeneza injini ya trekta kwa waya na matusi, walisimama uani kila mwaka wakimwangalia kuku.

Mwaka wa sitini na saba mambo yaliharibika kwa sababu ya padri. Padri Yaroslav alikuwa kijana, mpole, ametoka seminari na wazo kwamba parokia iache kalenda ya zamani na kufuata ya watu wengine, ili watoto wasikose shule kila Krismasi. Wengi walikubali. Kwa hiyo Makutano, ambayo tangu dunia iumbwe ilikuwa tarehe kumi na tano Februari, ikarudishwa nyuma siku kumi na tatu, ikaangukia tarehe mbili. Na tarehe mbili ya mwaka huo kulikuwa na baridi ya kupasua magogo. Majogoo hawakutoka hata mlangoni. Baada ya misa, ukumbini, watu walikula piroghi, yale maandazi yao ya viazi, na kupongezana: jogoo hakunywa, Machi tutalima! Tekla alibeba mshumaa wake uliobarikiwa, akaenda kuutia kwenye droo bila kuuwasha. Kwake yeye sikukuu ilikuwa bado.

Siku tatu baadaye Metro alikuja, akakung'uta theluji kwenye buti, akakaa jikoni bila kukaribishwa kama ilivyo haki ya shemeji.

"Shemeji, nina habari njema. Kaa kwanza."

"Habari njema naweza kuisikia nimesimama. Sema."

"Kuna mnunuzi wa nyasi kutoka kusini. Kule mvua ilikosekana, ng'ombe wao wanakula makaratasi. Kila mtu anamuuzia. Nimempa mkono."

Tekla aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea viazi.

"Umempa mkono wa nani?"

"Wangu."

"Basi akate huo mkono wako aende nao. Nyasi hazitoki."

"Ah, shemeji! Nusu tu ya zilizopo. Hujasikia? Jogoo hakunywa."

"Hakunywa lini?"

"Siku ya Makutano, lini tena?"

"Makutano haijafika," Tekla alisema. "Hiyo ni siku ya padri. Jogoo wangu hakwenda seminari."

Metro alicheka mpaka akashika meza. Jogoo wa Tekla aliitwa Shemasi, kwa kuwa kila alfajiri alianza kuimba kabla ya kila mtu na hakujua kunyamaza. Kijijini walikuwa na mzaha wao kwamba nyumba ya mjane huyo inaongozwa na shemeji na shemasi, na wote wawili kelele tupu.

"Wewe cheka," Tekla alisema. "Lakini tupatane. Lori la mnunuzi linakuja lini?"

"Tarehe kumi na saba."

"Vizuri. Tarehe kumi na tano uje hapa saa nane mchana, na Dokia awe shahidi. Shemasi akinywa maji ya dimbwi, unakwenda kumwambia mnunuzi wako akatafute kwingine. Asipokunywa, nitapakia marobota kwa mikono yangu, na sitasema neno mpaka nife."

"Usitoe ahadi ambayo mwili wako hautaiweza. Usiseme neno? Wewe?"

"Umekubali au hukukubali?"

Metro alikubali. Tarehe kumi na tano Februari katika nchi ile hupati dimbwi hata ukilipigia magoti. Aliondoka akipiga mluzi, na mbwa kiziwi akamsindikiza mpaka langoni.

Sasa niseme jambo ambalo Dobra Voda nzima haikulijua. Tekla hakuamini jogoo. Si jogoo wake, si wa mtu mwingine, si kwa kalenda ya zamani wala mpya.

Mwaka wa arobaini na saba, Makutano ya kalenda ya zamani, jogoo wa baba mkwe wake alizunguka uani asubuhi hadi jioni bila kupata tone. Mzee alifurahi, akampa kila mtu glasi ya kinywaji, na wiki hiyo hiyo nusu ya nyasi ikauzwa. Baridi haikuondoka. Theluji ilifunga barabara, ikafunga reli, na mwisho wa Machi banda lilikuwa tupu. Waliezua paa la nyasi la kibanda cha zamani wakawapa ng'ombe. Tekla alikuwa na binti wa miezi minane, Orysia, na homa aliyougua Januari ilikuwa imemkausha maziwa, kwa hiyo mtoto aliishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja aliyebaki akitoa, Lyska. Tarehe tatu Aprili Lyska alilala chini na hakuinuka. Orysia alimfuata baada ya siku tisa. Maji ya sukari hayamtunzi mtoto.

Hakuna aliyelaumiwa. Mzee alisema ni mapenzi ya Mungu, na jogoo akaendelea kuwika. Tekla alingoja ardhi iyeyuke, akachukua nyundo, akapigilia msumari. Hakuwahi kumweleza mtu ni wa nini zaidi ya kusema ni nusu, na jina la mtoto yule halikutamkwa tena katika nyumba za akina Dovhan. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kilichomchoma zaidi ni Metro. Metro alikuwepo mwaka ule. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Na leo anakuja kukaa jikoni kwake, anacheka, anasema jogoo hakunywa. Tekla aliona kwamba mtu huyu amesahau, na hasira ilimpanda hata viazi alivyomenya siku hiyo vilibaki vidogo kama kokwa.

Kuwaambia watu wa Dobra Voda habari ya msumari kusingefaa kitu. Wangesema mjane ana woga. Wao husikia jogoo tu. Basi wapewe jogoo.

Alianza kazi mapema. Ukuta wa kusini wa banda la ng'ombe ulikuwa na paa la bati, na jua la mchana liliupiga vizuri. Alizoa theluji yote chini yake kwa sepetu mpaka udongo mweusi ukaonekana, akatandaza majivu ya jiko juu yake, maana majivu hula baridi. Tarehe kumi na nne, saa nane, alijaribu: alimwaga birika la maji ya moto kwenye kishimo, akasimama na kusali Baba Yetu polepole, akihesabu. Mvuke uliisha kwenye Baba Yetu ya tatu. Ngozi ya barafu ilianza kwenye ya kumi na mbili. Kati ya ya tatu na ya kumi na mbili ndipo jogoo anywe.

Jioni hiyo alimtenga Shemasi kwenye tenga, akampa ngano iliyochemshwa kwa chumvi ikakaushwa, na hakumwekea maji.

"Nisamehe," alimwambia. "Nawe umeimba uongo miaka mingi. Kesho utautumikia ukweli."

Tarehe kumi na tano ilikuja na jua zuri na baridi kali. Kwenye bati palidondoka matone machache ya kweli, ya kutia moyo lakini si ya kumtosha hata inzi. Dokia alifika mapema. Huyu alikuwa jirani na shoga wa Tekla tangu utotoni, mama mnene mwenye moyo mwema, na jambo akiambiwa yeye halihitaji redio.

"Shoga, mbona umefagia hapa kama sakafu ya kanisa?"

"Sikukuu. Hufagii kwako sikukuu?"

"Nafagia ndani!"

Saa nane ikafika, Metro hayupo. Tekla alikuwa amekwisha kumwaga birika la kwanza wakati Dokia ameingia ndani kuota moto, na sasa alimwona Metro mbali ng'ambo ya kijito, anatembea taratibu, anasimama, anazungumza na farasi wake. Akaanza Baba Yetu. Ya nane, Metro yuko darajani. Ya kumi na moja, anafunga lango, tena kwa uangalifu kama mtu wa benki. Barafu ikashika. Tekla akakimbilia jikoni, akampita Dokia, akanyakua birika la pili, na alipokuwa anarudi kwenye mlango wa nyuma baada ya kulimwaga alikutana na Metro uso kwa uso.

"Birika la nini hilo, shemeji?"

"La chai."

"Chai nje?"

"Nilitaka kukukaribisha mapema, kwa kuwa umechelewa."

Metro alilitazama birika, lililokuwa tupu na bila kifuniko, akatazama ukuta wa kusini, akakuna shingo. Tekla hakuwa na nafasi ya kujiuliza kwa nini. Alikuwa kwenye Baba Yetu ya nne.

Walisimama watatu. Tekla akafungua tenga. Shemasi akatoka, akajitingisha, akawika mara moja kwa heshima ya hadhira, kisha akageuka na kwenda upande mwingine kabisa, kwa majike.

"Huyo anajua anachotaka," Metro alisema.

Ya sita. Ya saba. Tekla alikunja mikono ndani ya aproni. Aliwaza lori, aliwaza marobota yakipanda moja moja, na ahadi aliyotoa kwa kinywa chake. Ya nane. Shemasi alimdonoa jike mmoja, akasimama kwa mguu mmoja, akainamisha kichwa. Jua lilikuwa likimetameta kwenye maji. Akaja mbio, shingo mbele, akatumbukiza mdomo.

Alikunywa. Aliinua kichwa mbinguni, maji yakashuka, akainama tena.

"Mama wa Mungu!" Dokia alifanya ishara ya msalaba. "Mara moja. Mara mbili. Tatu..."

Alikunywa mara saba. Dokia alihesabu kwa sauti, na ya saba ilipoisha alimshika Tekla bega.

"Wiki saba! Wiki saba za baridi! Nakwenda kwa dada yangu, nakwenda kwa kina Pylyp, lazima wajue."

"Nenda," Tekla alisema.

Metro alivua kofia, akaivaa tena. "Basi amekunywa," alisema. "Ahadi ni ahadi. Nitakwenda kuchukua mkono wangu." Akaondoka bila mzaha wowote, na njiani alisimama kidogo karibu na tenga la jogoo, kisha akaendelea.

Kurudisha mkono uliotolewa si jambo dogo kwa wanaume wa kule. Mnunuzi alimtukana Metro mbele ya watu dukani, akamwita mtoto wa kuku. Majirani waliuza. Na kwa wiki tatu mbingu zilimcheka Tekla: joto likaja, theluji ikalainika, vijito vikalia chini ya barafu, watoto wakavua kofia. Kanisani wanaume walimsalimu kwa kuwika.

"Tekla, huyo Shemasi wako alikuwa amelewa nini?"

"Alikunywa maji, si kama nyinyi," alijibu, na kuendelea kupanga mishumaa.

Lakini usiku hakulala vizuri, na nisiseme uongo, alikuwa na hofu. Hakuwa ametabiri chochote. Yeye alijua tu kwamba hajui, na kwamba mtu asiyejua aweke nusu. Kama kiangazi kingekuja Machi kweli, basi alikuwa amemtia shemeji yake aibu kwa chumvi na birika. Kila asubuhi alikwenda bandani kuutazama msumari, akaweka kiganja juu yake, akatoka kukamua. Hakumwomba mtu radhi wala hakuuza hata robota moja.

Machi kumi na moja upepo uligeuka. Jioni hiyo dirisha la jikoni halikuonyesha banda, na kesho yake halikuonyesha hata kisima. Tufani ilipiga siku tatu, ikapumzika, ikarudi. Tekla alitoa mshumaa wake kwenye droo, akauwasha mbele ya sanamu, akajifunga kamba kiunoni iliyofungwa kwenye kitasa cha mlango, akaenda kulisha ng'ombe. Ndama walianza kuzaliwa katikati ya hayo yote, kama ilivyo desturi yao ya kuchagua siku mbaya. Alimbeba wa kwanza ndani, akamlaza karibu na jiko, na mbwa kiziwi akamlamba masikio.

Mwisho wa Machi watu walianza kuja. Walikuja na sleji, kofia mkononi, na hakuna aliyewika. Tekla alimpa kila mmoja kidogo, wa kwanza Dokia ambaye mumewe alikuwa ameuza licha ya kelele zake zote. Hakuwasimanga. Alisema tu, "Wape asubuhi na jioni, wasijaze matumbo," na kuwafungia lango. Wiki saba za Dokia zikatimia Aprili tano na theluji ikawa bado inafika madirishani. Dokia hakutikisika: alisema bila shaka jogoo alikunywa mafunda mengine wakati yeye amepepesa macho. Watu waliweka oda ya vifaranga wa Shemasi.

Aprili kumi na tisa ilikuwa siku safi, ya kwanza isiyo na upepo. Metro alikuja na farasi na sleji kuchukua fungu la ng'ombe wake. Bandani zilibaki safu tano. Nje, ng'ombe wa Tekla walikuwa wakitafuna juani, mbavu zinaonekana lakini wamesimama, na ndama kumi na mmoja wakinyonya. Metro alishika robota kwa kamba zake, akaliinua nusu, akaliweka chini.

"Shemeji, ile ngano uliitia chumvi kiasi gani?"

Tekla aliendelea kufagia vijiti. "Ngano gani?"

"Ya kwenye tenga. Niliionja."

"Ulionja chakula cha kuku?"

"Nilionja. Ilikuwa na chumvi kuliko samaki wa Kwaresima. Hata mimi ningekunywa mara saba."

Ufagio ulisimama. Tekla alihisi uso unamwaka.

"Ulijua tangu siku ile," alisema.

"Nilijua tangu birika. Chai nje, eti!"

"Basi kwa nini hukusema? Ungesema, nyasi zingeondoka. Usingetukanwa dukani."

Metro hakucheka. Alikaa juu ya robota, akavua glavu moja, akaanza kuitazama ndani kama kuna kitu kimepotea humo.

"Mwaka ule jogoo hakunywa," alisema. "Baba akaniambia, 'Metro, pakia.' Nikapakia. Stefan alikuwa msituni anakata kuni, kwa hiyo nilipakia peke yangu, safari nne. Nilikuwa naimba, shemeji. Niliona sifa, kijana mwenye nguvu, napakia haraka. Baadaye nikachonga sanduku la mtoto, kwa sababu Stefan mikono ilimkataa."

Tekla hakujua hilo la sanduku. Alidhani lilitoka kwa seremala. Miaka ishirini alikuwa amemwona mtu huyu akicheka harusini, misibani, jikoni kwake, akamhesabu kuwa mwenye kusahau.

"Mbona basi ulimpa mkono yule mnunuzi?"

"Kila mtu alimpa. Ningesema nini? Kwamba naogopa? Nikarudi nyumbani nikakosa usingizi. Nikaja kwako nikitaka ukatae. Ukakataa. Kisha nikaona birika, nikasema moyoni, Mungu asifiwe, safari hii kuna mtu wa kunizuia." Alijifuta pua kwa glavu. "Nilichelewa siku ile makusudi. Nilidhani jua litahitaji muda kuyeyusha theluji."

"Pumbavu," Tekla alisema. "Dimbwi lilikuwa linaganda! Nilimaliza Baba Yetu kumi na mbili nikikungoja wewe na farasi wako!"

Ndipo kicheko kikawatoka wote wawili, kibaya, cha kukosa pumzi, na katikati yake Tekla akalia. Alilia amesimama, bila kujificha, ufagio mkononi. Metro alimwacha alie.

"Orysia angekuwa na miaka ishirini na moja Julai hii," Tekla alisema.

"Najua. Kila Julai tukikata nyasi huwa nahesabu."

Jina lilikaa bandani kati yao, na nguzo haikuanguka. Nje ng'ombe mmoja wa ng'ambo ya kijito alilia kwa njaa, sauti ikaja wazi juu ya theluji. Metro alisimama, lakini mikono yake ilibaki imening'inia.

Tekla alipangusa macho kwa aproni. Akaenda kwenye rundo, akashika robota kwa upande mmoja wa kamba, akamngoja ashike upande wa pili.

"Metro," alisema, "pakia."

Akapakia.